Mwanangu Rehema, kuhusu kuacha kazi uandike

Mwanangu Rehema,

Barua yako imefika, na mama yako anakusalimu sana. Swali lako nimekaa nalo siku tatu: je, uache kufundisha kemia chuoni ili uandike vitabu vya sayansi kwa watu wa kawaida? Unasema umefika miaka 34, unaogopa kuchelewa.

Nilipoisoma nilimkumbuka Isaac Asimov, ambaye vitabu vyake nilikuwa nikiviazima maktaba ujanani. Wengi wanamjua kwa hadithi za roboti. Mimi nampendea vile vya maarifa: kemia, nyota, hesabu, historia, hata Biblia na Shakespeare. Alizaliwa Urusi mwaka 1920, akapelekwa Marekani ana miaka mitatu. Wazazi wake walikuwa na duka la peremende Brooklyn, mtaa wa jiji la New York, na alikua akihudumia wateja na kusoma magazeti yaliyouzwa pale. Saa za duka hazikumtoka maisha yake yote: kuamka mapema, kukaa kwenye kazi, kesho tena. Mwenye duka kama mimi hilo analielewa bila kuelezwa.

Sasa sikiliza habari ya mshahara. Alipata udaktari wa kemia mwaka 1948, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha biokemia Chuo Kikuu cha Boston. Kufikia 1952 kalamu ilikuwa inamwingizia zaidi ya chuo. Hata hivyo aliendelea kufundisha mpaka 1958, na alipoacha alikuwa na miaka 38. Miaka sita, mwanangu! Wewe kalamu bado haijakulipia hata kodi ya mwezi mmoja, na kwetu kitabu cha Kiswahili hakimlishi mwandishi upesi. Kwa hiyo usiache kazi mwaka huu. Lakini kuandika usingoje, anza sasa.

Warusi waliporusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, mwaka 1957, Asimov aliona wananchi wenzake wanahitaji mtu wa kuwaeleza sayansi, akaelekeza nguvu huko. Mwaka 1958 alianza makala ya kila mwezi katika jarida moja, na mpaka anafariki mwaka 1992 zilikuwa zimefika 399. Vitabu alivyoandika na kuhariri vinakaribia 500. Wingi huo unawashangaza watu. Kinachonigusa mimi ni kwamba alisoma walichogundua wengine, akakielewa, kisha akamweleza msomaji asiye na shule kubwa bila kumdharau. Sentensi zake ni nyepesi kwa makusudi, na wepesi huo ni kazi ngumu.

Wewe unao. Likizo ile ulipotueleza pale dukani kwa nini mabati ya huku pwani huliwa na kutu upesi kuliko ya Lushoto, Mzee Salehe aliacha kahawa yake ikapoa. Juzi kaniuliza tena ile habari ya chumvi na bati, nikashindwa kuieleza kama wewe. Iandike, kurasa mbili tu, uitume na basi la Ijumaa. Nitamsomea mwenyewe.

Baba yako