Kokoto Imedonoa Kioo: Kuziba au Kung'oa?

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nilikuwa nyuma ya lori kati ya Mnazi Mmoja na Masasi, kokoto ikaruka na kupiga kioo cha mbele cha IST yangu. Pamebaki kidonda chenye vijiufa vitatu upande wa abiria. Dereva mmoja kanishauri nitie supaglu ili ufa usitembee. Nifuate ushauri huo?
Msomaji, Masasi

JIBU: Salama, ndugu. Usiufuate. Supaglu ikikauka huweza kuacha weupe, tena huwa ngumu isiyonyumbulika, na kioo kikipata joto huweza kubanduka. Kibaya zaidi, huziba mlango wa ufa. Fundi akija na rezini, gundi angavu ya majimaji ambayo ndiyo dawa yenyewe, hana tena pa kuipitishia.

Leo hii, kidonda kikiwa kikavu, kibandike kipande cha selotepu angavu. Usioshe gari kwanza. Maji, vumbi na sabuni vikishaingia kwenye ufa, rezini haishiki vizuri na doa litabaki linaonekana hata fundi akiwa hodari. Gari lililopigwa jua usilimwagie maji, na kiyoyozi usikielekeze kwenye kioo. Katikati ya kioo hupata moto haraka kuliko kingo zilizofichwa na fremu, na mvutano huo hukimbilia palepale palipodonoka. Ndiyo maana mtu hulala na kidonda kidogo, kesho mchana anakuta ufa umefika nusu ya kioo. Mashimo ya barabarani nayo huchangia, kwa sababu bodi ikijipinda, kioo kinapindwa nayo.

Sasa pima kwa rula ya shule. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanana na utando wa plastiki katikati, na rezini hutibu kile cha nje tu. Pitisha ukucha upande wa ndani. Ukihisi mkwaruzo, habari ya kuziba imekwisha. Kidonda kinachozibika vizuri hakizidi milimita 25 hivi, kiko zaidi ya sentimita 5 kutoka ukingoni, na hakiko mbele ya macho ya dereva. Sharti la mwisho mafundi wengi hulipuuza. Rezini huacha kivuli kidogo, na usiku taa za gari linalokuja zikipiga pale, kivuli hicho hugeuka mng'aro. Kwa maelezo yako, kidonda chako kinaweza kuzibika, ilimradi vipimo hivyo vinatimia na vijiufa havijarefuka.

Kazi yenyewe, ukiwa na fundi au seti ndogo ya kuzibia, ifanyike chini ya paa. Rezini hii hugandishwa na miale ya urujuanimno, na jua letu linayo tele; ukifanyia uwanjani itaganda mdomoni kabla haijafika kwenye ncha za ufa. Kivuli cha mkorosho hakitoshi, majani hupitisha miale. Kioo nacho kiwe kimepoa, ukikigusa kisiunguze.

Toa chembe za kioo kwa sindano, taratibu, bila kuchimba. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, uache pakauke kabisa. Ikiwa mvua ilishanyesha, pashe joto kwa kikaushia nywele kutoka upande wa ndani, kisha usubiri kioo kipoe. Bandika kishikio cha seti, kile kinachobeba bomba la rezini lenye skrubu, mdomo wa bomba ukae sawasawa juu ya shimo, tia matone mawili au matatu ya rezini. Kukandamiza skrubu husukuma rezini ndani, na kuirudisha juu huvuta hewa nje. Rudia mzunguko huo, dakika 5 hadi 10 kila mara, huku ukitazama kutoka ndani ya gari. Ufa wenye hewa hung'aa kama fedha, uliojaa rezini hupotea machoni. Ukiona bado kuna mguu mmoja unang'aa, usigandishe. Wengi huharibu hapa kwa haraka tu. Ukisharidhika, ondoa kishikio, ongeza tone la rezini nzito juu ya shimo, lifunike kwa kikaratasi cha plastiki kilichomo kwenye seti, usogeze gari juani kwa robo saa. Mwisho paruza kwa wembe uliosimama wima mpaka pawe sawa na kioo.

Doa halitatoweka lote. Faida uliyolipia ni kwamba ufa umeshikwa.

SWALI: Kioo cha Noah yangu kilibadilishwa miezi michache iliyopita kwa silikoni nyeusi. Mvua ikinyesha, maji yanachuruzika kwenye kona ya juu hadi kwenye dashibodi. Niongeze silikoni kwa nje?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Ukiongeza kwa nje utafunga maji ndani, yazidi kula bati. Tena unaishi jirani na bahari, chumvi inafanya kazi hata wewe ukiwa umelala.

Shida si kona hiyo tu. Kioo cha mbele hushikiliwa na gundi ya poliyurethani. Silikoni ya madirisha ya nyumba haina nguvu hiyo. Gari likipinduka, kioo husaidia paa lisibonyee, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka ukiegemea kioo. Kioo kilichoshikwa na silikoni kinaweza kutoka chote.

Kwa hiyo king'olewe upya. Silikoni itolewe yote, maana poliyurethani haishiki juu ya mabaki yake. Kutu ipigwe msasa hadi bati safi, ipakwe praima, yaani rangi ya kutangulizia gundi, na iachwe ikauke. Ukingo wa kioo nao upakwe praima yake. Gundi imwagwe kwa mdomo uliokatwa umbo la V, ili mstari usimame kama pembetatu, kimo cha milimita 10 hadi 12, bila kukatika popote. Tyubu ya mililita 310 hutosha gari dogo. Kwa Noah uwe na ya pili mkononi, kwani kuishiwa katikati ndiko kunakozaa matundu. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, na Mtwara unyevu hatuununui, kwa hiyo utando wa juu huwahi kukaza. Kioo kiwekwe ndani ya dakika chache, si baada ya kwenda kunywa chai.

Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye tyubu. Usome pamoja na tarehe ya kuisha muda wake. Siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, kwa sababu kubamiza mlango husukuma hewa ikaibenua gundi mbichi.

SWALI: Nachagua kati ya kioo kipya na cha mtumba kutoka Dar. Nichukue kipi?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Kipya, ukimudu. Cha mtumba kilikatwa kwenye gari jingine, na waya wa kukatia mara nyingi huacha vidonda vidogo ukingoni. Ukikichukua, pitisha kidole chenye glavu ukingo mzima, kisha kitazame dhidi ya jua uone mikwaruzo ya waipa. Mtumie muuzaji namba ya chesi na picha ya sehemu ya kioo cha mbele. Gari lenye kamera nyuma ya kioo linahitaji kioo chenye nafasi yake, na kamera irekebishwe upya kwa mashine baada ya kufunga. Safarini kioo kisimame kwa ukingo ndani ya fremu ya mbao. Kikilazwa chini ya magunia, hakifiki.

SWALI: Nina bima ndogo. Italipa kioo?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Hapana. Hiyo hulipa hasara za mtu mwingine. Wenye bima kubwa wasome kipengele cha vioo waone kikomo cha malipo, na wapige picha kabla fundi hajagusa kitu.