Gari la umeme na watoto watatu: niliyoyajua nikiwa nimeshanunua

Usiku wa nne tangu gari lifike nyumbani niliamka kunywa maji, nikanusa harufu ya plastiki inayoungua. Nikafuata pua mpaka kibarazani. Ekstensheni tuliyokuwa tunachajia ilikuwa pale pale tulipoiacha, nusu ya waya imekunjuliwa, nusu bado imezungushwa kwenye gurudumu lake. Nilipoigusa ikaniunguza vidole. Nikazima swichi ukutani, nikachomoa plagi, na mguu wake mmoja ukatoka na utando wa plastiki iliyoyeyuka, rangi ya kahawia kama sukari iliyoungua.

Hakuna kilichoharibika zaidi ya ekstensheni na soketi. Ila sikulala tena. Nilikuwa najiuliza tumekosea wapi, maana ekstensheni hiyo hiyo ndiyo tuliyokuwa tunapigia pasi miaka yote. Fundi umeme alipokuja asubuhi alinijibu kwa kifupi: "Dada, pasi unapiga nusu saa, tena yenyewe inajizima na kujiwasha. Gari linavuta ampea 10 usiku kucha bila kupumzika." Na waya ukiwa umezungushwa hauna pa kutolea joto, linajirundika humo humo.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia anza na ukuta wa nyumba yako. Kabla hujaenda kuangalia rangi na viti, mwite fundi anayejua kazi yake akague meinswichi, erthi na unene wa nyaya. Mwambie unataka laini ya gari peke yake, yenye sakiti breka yake, isiyogawana na friji wala hita ya maji. Ukishapata hiyo, nusu ya usumbufu ambao watu wanausimulia kuhusu magari haya hutauona. Usipoipata, hata gari liwe zuri namna gani litakuchosha.

Nifanye hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaogopa bure, na wengine hawaogopi pale wanapotakiwa kuogopa. Soketi ya kawaida ya volti 230, gari likivuta ampea 10, inatoa kilowati 2.3. Betri yetu ni ya uniti 60, yaani kilowati-saa 60. Ukitaka kuijaza kutoka sifuri kwa soketi hiyo utasubiri zaidi ya saa 26, na ukiongeza umeme unaopotea njiani kama joto ni zaidi ya hapo. Ukisikia hivyo unakata tamaa. Lakini nani anatumia betri nzima kwa siku? Sisi shule, kazi na sokoni ni kilomita 45. Gari linakula kama uniti 16 kwa kilomita 100, kwa hiyo kwa siku tunahitaji uniti saba au nane. Hizo zinaingia kwa saa tatu na nusu, sisi tukiwa tumelala. Baadaye tulifunga chaja ya ukutani ya kilowati 7, na ni raha, lakini miezi mitano ya mwanzo tuliishi kwa soketi ya kawaida (mpya, yenye laini yake) bila kukwama hata siku moja.

Na wewe ambaye gari lako linalala barabarani, au kwenye maegesho ambayo huruhusiwi kuvuta waya? Nitasema wazi ingawa najua wauzaji hawapendi: subiri. Kutegemea chaja za nje peke yake inawezekana kwa mtu asiye na watoto, anayeweza kukaa saa nzima mahali akisoma. Mwenye mtoto wa miaka minne hana saa hiyo.

Ukishakuwa na pa kuchajia, kinachobaki ni mazoea. Nyumbani kwetu tulikubaliana kwamba anayerudi na gari wa mwisho ndiye anayechomeka, hata kama amechoka, hata kama mvua inanyesha. Gari la mafuta lilituzoesha kusubiri taa iwake ndipo tuhangaike. Hili halitaki hivyo. Linataka liongezwe kidogo kidogo kila linapolala.

Kuhusu kujaza asilimia 80 au 100, soma kitabu cha gari lako, usimsikilize jirani. Kuna betri za nikeli, ambazo watengenezaji wengi wanashauri kwa matumizi ya kila siku uziishie 80 na kuzijaza kabisa pale tu unapokaribia kusafiri. Na kuna za chuma na fosfeti, zinazojulikana kama LFP, ambazo zinavumilia 100, na mara nyingi unashauriwa uzijaze kabisa mara moja kwa wiki ili kompyuta ya gari isipotee hesabu. Yetu ni ya nikeli. Mwezi wa kwanza mume wangu alikuwa anafungua programu ya simu kila baada ya dakika kumi kuangalia asilimia, kama mtu anayepima presha ya mgonjwa mahututi. Tunashukuru yamepita.

Sasa safari ndefu. Kwenye karatasi gari letu linakwenda kilomita 430. Safari yetu ya kwanza, watu watano, mizigo mpaka kwenye kioo cha nyuma, kiyoyozi kinafanya kazi na mguu wangu ukiwa mzito, hesabu ilionyesha tungefika 310 tu. Sikuibiwa. Namba ya kwenye karatasi hupatikana kwenye maabara, kwa mwendo mchanganyiko ambao mwingi ni wa taratibu. Kinachokula betri kwenye barabara kuu ni hewa. Upinzani wake unakua kwa mraba wa mwendo, yaani ukitoka kilomita 90 kwa saa kwenda 120, nguvu ya kusukumana na hewa inaongezeka karibu asilimia 80. Gari la mafuta nalo linapata adhabu hiyo hiyo, ila injini yake inapoteza nguvu nyingi kama joto wakati wote, kwa hiyo huioni vizuri. Kiyoyozi, ambacho kila mtu anakilaumu, mara nyingi kinakula kidogo kuliko hizo kilomita 30 za haraka yako. Baridi kali ni kesi nyingine, inaweza kukuondolea robo ya safari, na hapo inasaidia kupasha gari moto likiwa bado limechomekwa, kabla hamjatoka.

Milima msiiogope sana. Inakula wakati wa kupanda na kurudisha sehemu wakati wa kushuka. Ila usianze kushuka mlima mrefu betri ikiwa 100, kwa sababu umeme ambao mota huzalisha gari likipunguza mwendo hauna pa kwenda, na utashangaa gari halijikabi kama ulivyozoea ukiachia kanyagio.

Kwenye chaja za kasi nilifanya kosa la kishamba. Tulifika na asilimia 18, ikapanda mpaka 80 kwa muda ambao watoto walikwenda chooni, wakala, wakagombana na kupatana. Nikasema tukae tumalizie, tuondoke na betri imejaa. Ile ishirini ya mwisho ikachukua muda karibu sawa na yote ya kwanza, maana betri ikikaribia kujaa gari lenyewe linapunguza umeme linaoupokea ili lisijiumize. Siku hizi tukifika 80 tunaondoka. Na tunapanga kufika kwenye chaja tukiwa na 20 mkononi, kwa sababu siku moja utaikuta imezimwa, au ina foleni, na utahitaji ya kukufikisha kwenye nyingine.

Kuna jambo moja ambalo sikulisoma popote kabla ya kununua, nikafundishwa na mtoto wangu wa pili. Wiki ya kwanza alitapika mara tatu. Ana miaka tisa, na kwenye gari la zamani hakuwahi hata kulalamika kichefuchefu. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa naye nyuma, mume wangu anaendesha, ndipo nikaona. Kila alipoachia mguu, vichwa vyetu vyote vinne vilikwenda mbele. Akikanyaga, vinarudi nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama kuku wanaodonoa, na mtoto ameinamia simu.

Gari la umeme, ukiachia kanyagio, mota inageuka kuwa jenereta, inarudisha umeme kwenye betri na kulikaba gari. Dereva anafurahia kwa sababu anaendesha kwa kanyagio moja na hagusi breki. Aliye nyuma hana usukani wa kushika wala hajui lini mguu utaachiwa. Tuliingia kwenye mipangilio tukapunguza nguvu ya kukaba mpaka kiwango cha chini, simu zikapigwa marufuku gari likitembea, na sote tukajifunza kuachia mguu polepole. Hakutapika tena. Tulipandisha kiwango kidogo kidogo baada ya miezi miwili. (Bado tunasema "kanyaga mafuta", na mdogo wetu kila mara anauliza mafuta yako wapi.)

Ukimya nao una mambo yake. Ndani ya gari la dizeli mlikuwa mnaweza kumsengenya mtu mbele na nyuma wasisikie. Humu kila neno linafika, na linafikishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Nje ya gari ukimya si wa kuchekea. Ulaya waliona hatari hiyo mapema: tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa huko lazima litoe sauti likiwa chini ya kilomita 20 kwa saa na likirudi nyuma. Letu linatoa mlio kama wa feni ya mbali, ambao mtoto anayecheza mpira hausikii. Kwa hiyo kabla ya kurudi nyuma uani, dereva anazunguka gari kwa miguu. Haina mjadala.

Asubuhi moja gari lilikataa kufunguka. Betri ilikuwa na asilimia 71, nilikuwa nimeiona usiku kwenye simu. Watoto wamebeba mabegi, mimi nabonyeza funguo, kimya kabisa. Jirani akaniambia betri imekufa, nami nikamwambia haiwezekani. Wote wawili tulikuwa na haki. Chini ya boneti kuna betri nyingine ndogo, ya volti 12, kama ya gari lolote. Hiyo ndiyo inayofungua milango, kuwasha kompyuta na kuunganisha betri kubwa. Ikiisha, ile kubwa inakaa na umeme wake wote bila faida. Yetu ilinyonywa na kamera ya dashibodi tuliyoifunga wenyewe, ikawa inarekodi usiku kucha ukuta wa jirani. Tulifungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, tukaibusti ile ndogo, tukachelewa shule dakika arobaini. Jua ufunguo wako wa chuma uko wapi leo, usisubiri siku hiyo.

Matengenezo yana habari chache. Hakuna kumwaga oili. Breki hazitumiki sana, kiasi kwamba diski zinaweza kupata kutu, kwa hiyo mara moja moja zikanyage kwa nguvu barabara ikiwa tupu. Tairi ndizo zinazokwisha haraka, kwa sababu gari ni zito na linaondoka kwa kishindo. Angalia upepo kila mwezi. Angalia pia kama lina spea tairi, maana mengi yanakuja na chupa ya gundi na pampu ndogo tu, na gundi hiyo haisaidii tairi likichanika ubavuni. Likiharibika njiani lisivutwe kwa kamba magurudumu yakiwa chini, hata fundi akisisitiza. Mota inazunguka na kuzalisha umeme usiotakiwa. Libebwe juu ya gari lingine.

Kama bado hujanunua, uliza aina ya plagi ambayo gari linatumia kwenye chaja za kasi. Kuna CCS, kuna CHAdeMO, kuna GB/T ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la China, na gari la bei nzuri lenye plagi isiyolingana na chaja za njia unazopita litakuwa la kuzungukia nyumbani tu. Uliza dhamana ya betri kwa maandishi. Iliyozoeleka ni miaka 8 au kilomita 160,000, na inafanya kazi uwezo wa betri ukishuka chini ya asilimia 70. Kama limetumika, omba kipimo cha afya ya betri, na muuzaji alichaji mbele yako.

Halafu usikae kiti cha dereva. Kaa nyuma. Betri iko chini ya sakafu, na kwenye magari mengi sakafu imepanda lakini viti havikupanda nayo, kwa hiyo mtu mzima anakaa magoti juu kama amechuchumaa. Beba viti vya watoto uvifunge pale pale dukani, vyote. Sisi hatukufanya hivyo. Tulifika nyumbani ndipo tukagundua kuwa viti viwili vya wadogo vikishafungwa, katikati panabaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Mkubwa ana miaka 13 na amerefuka kunizidi, kwa hiyo mume wangu akiendesha, kijana anakaa mbele, na mimi nipo kule nyuma katikati, magoti kifuani.