Kwa OT (wataalamu wa tibakazi) wageni wanaoanza kazi mashuleni huku Lamu

Nawaandikia nyinyi mliozoea wodi na kliniki, sasa mwapelekwa mashuleni. Walimu wengi watakuita daktari wa mazoezi na wazazi watakuletea mwana umnyooshe miguu. Usikasirike, waeleze kwa upole kwamba fizio anahangaika na mwili upate nguvu na utembee, sisi wa tibakazi twauliza huyu mwana siku nzima ana shughuli gani na ni ipi imemshinda, kushika kalamu, kufunga vifungo, kula, kwenda choo, kucheza na wenzake.

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa kumtoa mtoto darasani. Naomba kachumba, namfanyisha mazoezi ya vidole nusu saa, narudi zangu nimefurahi, na miezi yapita mwandiko ni ule ule. Siku moja nikaamua nikae tu nyuma ya darasa niangalie, subhanallah, deski ni la watoto wakubwa, miguu yaning'inia, mkono mmoja wote kazi yake ni kumshikilia asianguke, sasa ataandika na nini? Tukamtafutia kibao cha kukanyagia, nyayo zikatulia, na haikuchukua mwezi mwalimu mwenyewe akaniambia mwandiko wasomeka. Kwa hivyo kabla hujamgusa mkono, angalia amekaaje.

Jambo ambalo mimi sikufundishwa popote ni la mkono wa kushoto. Nilikuwa na binti wa miaka 8, ana mtindio wa ubongo, upande wa kulia umekakamaa ila kushoto mzima kabisa, na bado nyumbani alikuwa alishwa na bibi yake. Nikauliza mbona hali mwenyewe, bibi akanyamaza kidogo kisha akasema, mwanangu, ale kwa kushoto mbele za watu? Nikakosa la kujibu. Nikaenda kwa maalim wake wa madrasa nikamweleza, naye akamwita bibi akamwambia mwenye udhuru hana lawama, mkono alopewa na Mungu ndio huo. Wiki ileile akashika kijiko, na wa kulia tukaupa kazi ya kuzuia sahani isiteleze, maana usipotumika kabisa wazidi kukakamaa na mwana mwenyewe ausahau. Darasani tukamkalisha mwisho wa deski upande wa kushoto asigongane viwiko na mwenzake, daftari tukalipindisha kidogo kulia.

Toka siku hiyo kila mwana mpya naenda hadi madrasa yake. Watoto wetu wasoma mara mbili, shuleni kwenye deski na madrasani wamekaa kitako juu ya mkeka, na asiyeweza kujizuia mgongo huko ataanguka, mwombee pembe ya ukuta aegemee.

Visiwa vya mbele sasa. Kwenda Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, si kupanda matatu, ni safari ya boti, utamaliza siku nzima kwa shule moja na kurudi tena pengine mwezi ujao. Sasa ukimwachia mwalimu mwenye darasa limejaa karatasi ya mazoezi kumi, yataingia kabatini, naye hana makosa. Mimi huacha kitu kimoja tu, tena nakiingiza kwenye kazi ambayo tayari ipo. Mwana afute ubao kila siku, bega lapata nguvu. Apewe chaki fupi, chaki fupi haishikiki kwa ngumi, lazima vidole vifanye kazi.

Fomu hazikosi. Vituo vya EARC, vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vipo tangu 1984 lakini wazazi wengi hawavijui, wala kadi ya NCPWD (Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu), waelekeze mapema. Na usiagize kiti cha magurudumu kabla hujaitembea kwa miguu njia ya kwao mpaka shule, vichochoro vya mji ni vya punda na ngazi, Shela ni mchanga.

Vifaa usivihangaikie sana. Kipande cha tyubu ya baiskeli chatosha kunenepesha penseli. Na waulize bibi za watoto kuhusu ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, kusuka miyaa ni mikono miwili kila mmoja na kazi yake, sijaona kifaa cha dukani kikishinda hapo. Yule binti yangu sasa mkono wa kulia wabana ncha, wa kushoto wakunja, pole pole, na bibi yuko kando amhesabia.