Shafti ya mbele inalia kwenye kona: naweza kuibadili mwenyewe?

Swali: Fundi, gari langu linavuta kwa mbele, giriboksi ni otomatiki. Nikikata kona kali kushoto linalia ka-ka-ka. Nimeambiwa shafti ya kulia imekufa. Nina jeki, stendi mbili na seti ya spana. Naweza kuibadili nyumbani? Na ile nati kubwa ya katikati ya tairi naifunguaje? Nimeijaribu, imegoma kabisa.

Jibu: Unaweza, lakini kwanza hakikisha mgonjwa ni shafti hiyo, ile inayopeleka nguvu kutoka giriboksi hadi tairini. Mlio wa kona hutoka kwenye sivi jointi (kiungo cha shafti kinachopinda) ya nje, ile ya upande wa tairi. Ndani yake mna gololi, kwa kawaida sita, na mpira unaoifunika ukipasuka grisi hutoka, mchanga ukaingia na kuchimba njia za gololi hizo. Tafuta uwanja, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kushoto, kisha kulia. Mlio ukizidi kushoto, mara nyingi ni ya kulia kweli. Chungulia nyuma ya tairi pia: utakuta grisi nyeusi imerukia ndani ya rimu. Gari likitetemeka unapokanyaga mafuta barabara ikiwa imenyooka, shuku jointi ya ndani. Likiwa na mvumo unaopanda na mwendo, shuku beringi, na hapo shafti mpya haikusaidii chochote.

Sasa nati. Wengi huanza kwa jeki, na ndiyo maana inawagomea. Ilegeze gari likiwa bado chini, gia kwenye P, breki ya mkono juu, kabari kwenye matairi ya nyuma, na mtu akikanyaga breki. Toa kifuniko cha katikati ya rimu uitazame vizuri. Ikiwa na pini, ichomoe. Ikiwa ukingo wake umegongwa ukaingia kwenye mfereji wa shafti, unyanyue kwa patasi nyembamba, la sivyo utaharibu uzi. Soketi huwa 30 au 32, magari mengine 36. Muhimu ikae bila kucheza. Tia bomba refu kwenye mpini, sukuma kwa uzito wa mwili. Ikishaachia, robo mzunguko inatosha. Usilisogeze gari tena.

Nyanyua, weka stendi, toa tairi. (Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulala chini yake.) Chomoa waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) na mpira wa breki kwenye vishikizo vyake, kisha tenganisha bol jointi ya chini (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika tairi na mkono wa chini), au bolti mbili za shokabu. Ukichagua shokabu, weka alama kwanza, kwa sababu kwenye baadhi ya magari bolti hizo ndizo zinazorekebisha alaimenti. Rudisha nati hadi ilingane na ncha ya shafti, weka kipande cha mbao, gonga. Ikikataa, tumia puli, kifaa cha kusukumia shafti itoke; nyundo kavu kwenye ncha inatanua uzi.

Upande wa giriboksi, weka beseni chini maana oili itamwagika. Ingiza mtarimbo kati ya giriboksi na jointi ya ndani, mbali na sili (mpira unaozuia oili isivuje), uisukume kwa mshtuko mmoja mfupi. Usivute shafti yenyewe. Nilipokuwa najifunza kazi niliivuta kwa mikono miwili. Jointi ikafunguka ndani ya mpira, vibiringo vikatawanyika sakafuni, na jioni nzima ikaishia kuvitafuta chini ya benchi. Kabla ya mtarimbo, tazama pia kama upande huo una shafti ya kati iliyoshikwa na beringi kwenye injini. Upande wa kulia huwa nayo mara nyingi, na namna ya kuichomoa hubadilika. Na usitoe shafti zote mbili kwa pamoja: kwenye baadhi ya giriboksi gia za difu (zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) zinaweza kuhama mahali pake.

Laza ya zamani na mpya sambamba. Urefu, idadi ya meno, na ringi ya ABS kama ipo, vyote vifanane. Badilisha sili ukiwa hapo, ipake oili mdomoni, na ingiza shafti taratibu bila meno kuikwaruza. Isukume hadi klipu ya ncha yake ilie ta! Kisha shika kikombe cha jointi ya ndani uvute kidogo: ikitoka, haijakaa.

Rudisha ncha ya nje mahali pake katikati ya tairi, na ulivyotenganisha. Nati iwe mpya. Ikaze kiasi gari likiwa juu, breki ikikanyagwa, kabla uzito haujalala kwenye tairi. Beringi ikibeba gari bila kubanwa inaharibika. Rudisha tairi, shusha, malizia kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Magari mengi madogo huwa kati ya Nm (newtonmita) 180 na 300, lakini usikisie. Ukingo wa nati ugonge urudi kwenye mfereji, au rudisha pini.

Mwisho pima oili ya giriboksi kwa utaratibu wa gari lako, ongeza aina ileile, halafu rudi uwanjani ukazunguke kushoto tena. Kesho yake chungulia pale shafti inapoingia giriboksi. Ukikuta tone, sili imekwaruzwa au haikukaa sawa, na shafti itabidi itoke tena.