Mshono wa laina ya bwawa unavuja? Kabla hujashika gundi soma hapa

Nyie mnaoanza hii kazi ya mabwawa ya kuogelea, hasa haya ya kuchimbia chini yaliyovalishwa laina ya plastiki, karibuni nilivyo navyo niwape. Fundi mpya karibu wote wako hivi, ameitwa kwamba maji yanapungua basi anatokea na gundi mkononi. Tulia kwanza. Kubandika kiraka ni kazi ya muda mfupi tu, kazi yenyewe ni kujua maji yanapitia wapi, na hapo ndo mteja anajua kama wewe fundi au mbabaishaji.

Anza kwa kuhakikisha kama kweli linavuja, maana kila bwawa linapunguzwa maji na jua na upepo na mwenye nyumba akiona yameshuka kidogo anapaniki. Chukua ndoo, jaza maji ya bwawa hilohilo, iweke kwenye ngazi ya ndani ya bwawa izame mpaka maji ya ndooni na ya bwawani yawe karibu usawa mmoja, halafu piga alama kwa tepu ndani ya ndoo na nje yake. Uiache saa 24, watu wasiogelee, na kama kuna bomba linalojaza lenyewe lifunge. Pande zote mbili zikishuka sawa hilo ni jua, mwambie mteja ukweli uondoke zako. Bwawani yakishuka kuliko ndooni, hapo kuna kazi. Na usidharau sentimita moja, bwawa la mita 8 kwa 4 sentimita moja ni lita 320.

Kama mara ya kwanza pampu ilikuwa inafanya kazi, rudia hilo jaribio mara ya pili pampu ikiwa imezimwa. Yakipotea mengi pampu ikiwa inafanya kazi, shuku mabomba yanayorudisha maji. Yakipotea yaleyale iwe imewashwa iwe imezimwa, basi angalia laina, skima (lile tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu na takataka zinazoelea), na pale taa zilipofungwa. Kuna ujanja mwingine wa wavivu ila unasaidia: zima pampu, yaache maji yashuke yenyewe uone yanagomea wapi. Yakigomea kwenye mdomo wa skima, tatizo liko hapo, mara nyingi ni gaskiti, ule mpira wa kuzibia maungio. Yakigomea usawa wa taa, tayari umeshajua. Yakipita vyote hivyo na bado yanashuka, sasa ndo tunaongelea mishono ya chini. Ila usiyaache yashuke kupita kiasi, sababu nakuja nayo.

Mshono wa laina ni vipande viwili vilivyolaliana vikaunganishwa kwa joto. Kwa hiyo utakuta kila mshono una kaukingo kanakoning'inia, unaweza kukainua na kucha. Hako sio uvujaji! Watu wanabandika viraka pale kumbe uunganisho wenyewe ndani bado uko imara kabisa. Mshono ulioachia kweli una mdomo, ukiubonyeza pembeni unafunguka, na mara nyingi uko kwenye kona, kwenye maungio ya ukuta na sakafu, au pembeni ya ngazi, yaani sehemu ambazo laina imevutika.

Ukishashuku sehemu, tumia rangi. Zima pampu, maji yatulie kabisa, na wewe mwenyewe ukiingia usogee taratibu maana ukipiga maji kwa miguu umeharibu kila kitu. Vaa miwani ya kuogelea, chukua bomba la sindano lisilo na sindano lenye rangi nyeusi nyeusi, hata rangi ya chakula inafaa, sogeza ncha karibu sana na mshono ila usiuguse, toa tone kidogo tu. Kama hapavuji rangi inabaki inaelea kama moshi chumbani. Kama panavuja utaona inanyooka ka uzi inaingia ndani, na ukishaiona mara moja hutaisahau. Endelea kuufuata mshono mpaka mwisho hata kama umeshapata tundu, yanaweza kuwa mawili. Tembea pia peku sakafuni, ukikanyaga sehemu imebonyea au laini kuliko kwingine jua mchanga wa chini umeshachukuliwa na maji.

Halafu usalama jamani. Kabla ya kuzama pampu iwe imezimwa na taa zikatwe kwenye breka, hasa ukiwa karibu na tundu la chini la kunyonya maji, lile likikukamata sio mchezo. Na usizame peke yako bila mtu juu.

Sasa ile sababu ya kutoyaacha maji yashuke sana. Usimwage maji ili ubandike pakavu, hata mteja akikushauri. Maji ya bwawa ndo yanayoishikilia laina ukutani na kusukumana na udongo wa nyuma, ukiyatoa yote na ardhi imelowa, maji ya chini ya ardhi yanainua laina na kuta zinaweza kuingia ndani. Na laina iliyozeeka ikikauka inasinyaa, ukijaza tena inapasuka kwingine. Gundi za vinyl (ndo plastiki ya laina) za kufanya kazi chini ya maji zipo, tumia hizo. Silikoni achana nayo, haishiki vizuri kwenye plastiki hii.

Kiraka kikate na kona za mviringo, kona kali ndo zinaanza kubanduka. Kizidi tundu sentimita 5 hivi kila upande. Sugua sehemu kwanza utoe utelezi, mwani ukibaki hakuna gundi itakayoshika. Paka gundi nje ya maji, mahali penye hewa maana inanuka kali na inawaka moto, kunja kiraka katikati gundi ikiwa ndani, zama nacho, kifungulie palepale. Kwenye mshono kuna kitu ambacho kwenye tundu la kawaida hakipo: ule mwinuko wa vipande kulaliana unaacha kamfereji chini ya kiraka, maji yanapita humo humo. Kwa hiyo weka gundi ya kutosha kwenye huo mstari, bonyeza kwa kidole kufuata ukingo mpaka uhisi kiraka kimeingia kwenye kona, ndo uanze kusukuma maji kutoka katikati kwenda nje. Sakafuni weka mfuko wa mchanga wenye uso laini juu yake, tofali hapana. Acha saa 24, mashine ya kusafisha isipite.

Baada ya hapo rudisha ndoo ileile ngazini, usikabidhi kazi kwa kuangalia kwa macho.

Kabla hujataja bei muulize mteja laina ina umri gani. Ikiwa imekakamaa, imepauka, na ni mara ya tatu mshono uleule unafunguka, mwambie kiraka ni cha kumsogeza tu wakati anajipanga kubadilisha laina nzima, tena muandikie, maana mwezi ujao ikiachia sehemu nyingine atakwambia wewe ndo umeharibu. Na siku laina mpya inafungwa omba mabaki yake uyahifadhi kwa mteja, kiraka cha laina ileile kinakaa vizuri kuliko cha dukani na rangi haitofautiani.