Zamu ya wodini isihesabiwe kuwa mazoezi: jibu kwa mwanafunzi wa uuguzi

Umeuliza kwa nini msongo wa masomo haupungui ilhali unamaliza zamu ya mafunzo miguu ikiwaka moto, na kama kweli unahitaji mazoezi mengine, uyaweke wapi. Nianze na hilo la kwanza, maana ndipo wengi wanapokosea.

Mwendo wa wodini ni wa hatua chache kisha kusimama: kitanda hadi kitanda, kuinama, kumgeuza mgonjwa, kusimama na faili mkononi. Mapigo ya moyo hayapandi yakakaa juu kwa muda wa kutosha, na mgongo unabebeshwa mzigo bila kupumzishwa. Akili nayo iko macho wakati wote, kwa hofu ya kukosea dozi au kuulizwa swali mbele ya mgonjwa. Unavuna uchovu tu. Zamu usiihesabu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na kuimarisha misuli angalau siku 2. Sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike dakika 10 liliondolewa, kwa hiyo hata dakika 6 za kupanda ngazi zinaingia kwenye hesabu.

Ya wastani ni yale unayoweza kuongea ukiyafanya, lakini kuimba huwezi. Ukitaka namba, toa umri wako kwenye 220, kisha chukua asilimia 64 hadi 76 ya jibu. Mwenye miaka 21 anapata takriban mapigo 127 hadi 151 kwa dakika. Hapa usihesabu dakika nzima kama ulivyozoea kwa mgonjwa, kwa sababu ukisimama mapigo yanashuka upesi. Hesabu sekunde 15 na uzidishe kwa 4. Kwa umri huo, ya sekunde 15 kabla ya kuzidisha yakiwa kati ya 32 na 38, upo sawa.

Ratiba uifunge kwenye zamu, si kwenye siku za wiki. Mazoezi ya "kila Jumatatu jioni" hufa mara tu mpangilio wa zamu unapobadilika. Siku ya zamu ya mchana, tembea haraka dakika 10 hadi 15 kabla hujaketi chumbani, kwani ukishakaa hutoki tena. Siku ya darasani au ya mapumziko, fanya dakika 30 hadi 40. Zamu ya usiku, fanya baada ya kuamka, kabla ya kwenda kazini. Asubuhi ukitoka zamu usikimbie. Mazoezi makali karibu na kulala yanachelewesha usingizi, na usingizi uliopotea utaurudishia msongo nguvu zake zote.

Kwa misuli, anza na seti 2 za kuchuchumaa na kuinuka mara 10, kuinua nyonga ukiwa umelala chali mara 10, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu sekunde 20. Hayo matatu yanaimarisha misuli unayoitegemea unapohamisha wagonjwa. Acha angalau siku moja katikati. Anayeanza kwa pupa huumwa misuli zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye, maumivu yanakutana na zamu, anaacha. Mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito isiyo na maziwa baada ya mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya mtihani punguza hadi nusu, lakini usisimamishe. Soma dakika 50, panda ngazi dakika 5, rudi kwenye kitabu.

Ukitaka kujipima, tumia toleo la maswali 10 la kipimo cha msongo cha mwanasaikolojia Sheldon Cohen, lenye alama 0 hadi 40. Swali la 4, 5, 7 na 8 hugeuzwa alama: 0 inakuwa 4, 1 inakuwa 3, na kinyume chake. Wengi husahau na matokeo yanapotoka. Linauliza kuhusu mwezi uliopita, kwa hiyo kulijaza kila wiki hakukuambii kitu.

Mazoezi hayapunguzi mada ulizolimbikiza. Hizo zinahitaji mpango wake. Na kama kwa wiki mbili hulali, huna hamu ya chochote, au unawaza kujidhuru, usisubiri mazoezi yafanye kazi. Mwone mshauri au daktari, na kwa hilo la mwisho, leo hii.