Mfanyakazi Hodari Akianza Kunyamaza

Mfanyakazi mzuri haondoki siku anayoleta barua ya kuacha kazi. Moyo wake ulishaondoka kitambo. Nimeongoza watu kwa miaka mingi, na dalili inayonitia hofu kuliko zote ni ukimya wa mtu aliyezoea kubisha.

Nilikuwa na mhasibu ambaye kikaoni hakosi neno: "Makadirio haya hayatoshi," "Mteja huyu bado anadaiwa, tusimwongezee mkopo." Ghafla kila jambo likawa "sawa bosi." Kazi yake ilikuwa safi vilevile. Nikamwita, nikafunga mlango, nikamuuliza kimebadilika nini. Alikaa kimya kwanza. Kumbe ripoti za kila robo mwaka alikuwa akiziandaa yeye, mpaka usiku, halafu mkuu wa kitengo anaziwasilisha kwa wakurugenzi bila kumtaja. Hakuomba hata senti. Robo iliyofuata aliwasilisha mwenyewe, akabanwa maswali, akayajibu. Haikupita wiki akanipinga kikaoni mbele ya wote, na nilifurahi mno.

Sisemi mshahara si kitu. Mwaka 1913 kampuni ya Ford huko Detroit iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili tu ibaki na wafanyakazi wapatao 14,000, maana walikuwa wakiacha kazi kila kukicha. Januari 1914 Henry Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya ule wa awali, na saa za kazi zikashuka kutoka 9 hadi 8. Watu wakatulia. Kwa hiyo mlipe mtu stahiki yake, tena kwa wakati. Ila usingoje mpaka alete barua ya ofa kutoka kwingine ndipo umwongeze. Wenzake wataona kwamba kwako anayethaminiwa ni anayetishia kuondoka.

Tenga nusu saa kila mwezi kwa kila mtu unayemsimamia. Muulize ni kazi gani inamchosha bure, na ni ipi angependa apewe. Andika alichosema. Umkubalie au umkatalie, mrudishie jibu pamoja na sababu, kwa sababu kumuuliza mtu kisha ukanyamaza ni vibaya kuliko kutomuuliza kabisa. Na ikiwa anachotaka huna, msaidie akipate kwingine, umwandikie barua nzuri ya mapendekezo. Wanaobaki wanakutazama unavyomuaga.